Deksa kwa amiloidosisi ya AL: mpaka lini?

#1 Mtoto_wa_Katuba
Yambo wandugu. Naomba walio na uzoefu au wanaofanya kazi hospitali wanisaidie. Mama yangu ana amiloidosisi ya AL, ile ya minyororo myepesi (vipande vya kingamwili). Imeshika figo zaidi, na moyo kidogo. Ilikuja kujulikana India, baada ya sisi kuzunguka hapa Lubumbashi tukiambiwa leo ni presha, kesho ni figo tu. Kule wakamwanzishia bortezomibu ya sindano, siklofosfamidi ya vidonge, na deksa (deksamethazoni, dawa ya steroidi) miligramu 40 kila wiki. Akarudi na dawa na karatasi. Bortezomibu imeandikwa hadi kozi ya sita. Kwenye deksa kuna neno moja tu: endelea. Tuendelee mpaka lini?

Kipimo cha mwisho cha minyororo kimeshuka vizuri mno. Lakini siku ya deksa na kesho yake, mama si yule ninayemjua. Halali, miguu inajaa, na juzi saa nane za usiku nimemkuta jikoni anasugua masufuria yaliyokwisha kuoshwa. Nilipomwomba alale akanigombeza kama mtoto wa darasa la kwanza. Dada yangu wa Likasi anasema aache leo leo. Kaka wa Kolwezi anasema tusiguse kitu. Mimi ndiye ninayempa vidonge.

#2 Lupopo_Damu
Masufuria saa nane za usiku? Mtukopeshe huyo mama Kampemba wiki moja. Pole ndugu, natania tu. Nafuatilia.

#3 Muuguzi_Kamalondo
Ndugu wa Katuba, pole na kazi. Nimefanya wodi ya ndani miaka mingi, wagonjwa wa AL niliowaona ni wachache, kwa hiyo pokea hivi kama maneno ya muuguzi tu.

Deksa haikuwekwa pale kupunguza uvimbe wala maumivu. Katika ugonjwa huu seli za plazma kwenye uboho zinatengeneza vipande vya kingamwili vilivyokunjwa vibaya, vinaganda kwenye figo, moyo, mishipa ya fahamu, hata ulimi. Deksa inasaidia kuua hizo seli. Ndiyo maana dozi ni kubwa na inakuja mara moja kwa wiki, si kila siku. Ina kazi yake, na kazi ikiisha nayo inatakiwa kuisha. Utaratibu niliouona ni kwamba inatembea pamoja na bortezomibu: kozi sita za siku 28, basi. Hilo neno "endelea" mimi nalisoma "endelea mpaka mwisho wa kozi". Lakini mwulize aliyeliandika.

#4 Figo_Moja
Msimsikilize anayesema aache leo leo! Mimi nilikunywa prednisoni kwa ajili ya figo, daktari akaipunguza polepole miezi na miezi. Niliwahi kuruka siku kadhaa kwa sababu dawa ilikwisha, nikaanguka bafuni, presha chini kabisa. Steroidi haiachwi ghafla. Hii ni sheria.

#5 Docta_Kijana
Namba 4, pole sana, na kwa prednisoni ya kila siku uko sahihi. Tezi zilizo juu ya figo zinalala kwa sababu mwili unapewa homoni kutoka nje asubuhi baada ya asubuhi. Deksa ya mara moja kwa wiki ni jambo lingine: kati ya dozi na dozi tezi zinapata nafasi ya kuamka, kwa hiyo wengi wanaacha bila ngazi ndefu ya kushuka. Sisemi wote. Deksa miligramu 40 ni kama prednisoni miligramu 260 hivi kwa siku moja, si pipi.

Na AL ina mtego wake: amiloidi inaweza kuingia kwenye tezi hizo hizo, au kwenye mishipa ya fahamu inayoshikilia presha. Mgonjwa anasimama, anaona giza, anaanguka. Sasa ni deksa iliyoachwa, au ni ugonjwa? Kwa macho huwezi kujua. Kuna kipimo cha kotisoli (homoni ya tezi hizo) ya asubuhi.

Kwa swali lenyewe: utafiti mkubwa wa ugonjwa huu unaitwa ANDROMEDA, wagonjwa 388. Kundi moja lilipata dawa tatu kama za mama, la pili lilipata hizo tatu pamoja na daratumumabu, sindano nyingine inayoua seli za plazma. Deksa kwa makundi yote mawili: kila wiki, kozi zisizozidi sita. Baada ya hapo kundi la pili liliendelea na daratumumabu mara moja kwa mwezi, hadi kozi 24 kwa jumla. Damu ilisafika kabisa kwa asilimia 53 ya waliopata dawa nne, na asilimia 18 ya waliopata tatu.

#6 Mzee_wa_Gécamines
Docta mdogo wangu, hizo habari ni za 2019 kama sikosei. Siku hizi deksa wanaipunguza mapema zaidi.

#7 Docta_Kijana
Muzee, shikamoo. Matokeo kamili yalichapishwa 2021, na Marekani iliidhinisha daratumumabu kwa AL Januari mwaka huo huo. Kuhusu kupunguza mapema hatugombani: hata ndani ya utafiti huo, mwenye zaidi ya miaka 70, aliyekonda sana, mwenye kisukari kisichotulia, au aliyewahi kusumbuliwa na steroidi, alianza na 20 badala ya 40.

#8 Ya_Ruashi
Bandugu, mie nasema vile niliona. Baba alikuwaka na hii ugonjwa ndani ya moyo. Wakamupa ile 40. Wiki ya kwanza akajaa maji mpaka hawezi kulala chini, analala mwenye kukaa kwa kiti. Wiki ya pili moyo ikaanza kupiga ovyo. Docta mwingine akaona, akasema kwa moyo kama hii 40 ni kumuua, akaweka 10. Sindano zingine hakuzigusa. Baba akapumua. Sasa munabishana wiki ngapi, wiki ngapi. Kwetu swali haikukuwa wiki ngapi, ilikuwa miligramu ngapi.

#9 Muuguzi_Kamalondo
Asante yaya wa Ruashi. Hili watu wanalipita haraka. Steroidi inashika chumvi na maji, na moyo wenye amiloidi ni mgumu, hautanuki. Maji kidogo yakizidi yanarudi mapafuni. Mtoto wa Katuba, mama anapimwa uzito kila asubuhi? Na je, anakula makayabu, wale samaki wa chumvi?

#10 Mtoto_wa_Katuba
Uzito tunapima tukikumbuka. Makayabu... anakula. Na ndagala wa chumvi. Anasema bila hivyo bukari haishuki.

#11 Muuguzi_Kamalondo
Basi miguu umeipatia nusu ya jibu. Samaki mbichi wa Kasenga, ndimu, kitunguu, pilipili. Chumvi kaeni nayo mbali, hasa siku ya deksa na mbili zinazofuata. Mizani iwe kando ya kitanda: akikojoa asubuhi, apande kabla ya chai, uandike. Ukiona kilo mbili zimepanda ghafla, usingoje siku ya miadi.

#12 Lupopo_Damu
Mwanamke wa Katuba anyimwe makayabu na usingizi kwa wakati mmoja. Huyo mama atahamia kwa dada wa Likasi.

#13 Shabiki_wa_Kunguru
Afadhali Likasi kuliko kushangilia Lupopo.

#14 Lupopo_Damu
Mazembe mkae kimya, hapa tunazungumza afya.

#15 Mama_Kisanga
Nilimtunza mjomba mwenye mieloma, saratani ya uboho. Yeye alikunywa deksa na lenalidomidi miaka mitatu, kila wiki, mpaka dawa zilipokataa. Daktari wake alituambia hii kitu haina mwisho, ukiacha ugonjwa unarudi. AL si ndugu yake mieloma? Kwa nini wengine miezi sita na wengine miaka? Mimi naona wanaoacha mapema wanajidanganya.

#16 Docta_Kijana
Mama, shikamoo. Ni ndugu, lakini kwenye mieloma seli mbaya ni nyingi, zinajaza uboho, kwa hiyo mara nyingi dawa zinaendelea bila kikomo. Kwenye AL seli hizo mara nyingi ni chache, hata chini ya asilimia 10. Kinachoua ni taka zake kwenye viungo. Ukizinyamazisha kabisa, unaweza kupumzika na kuchunguza. Na mgonjwa wa AL ana moyo na figo vilivyochoka, steroidi ya miaka mitatu itamla yeye kabla ya kula ugonjwa.

Ila kuna wagonjwa wenye vyote viwili. Kwao hoja ya Mama Kisanga inarudi mezani.

#17 Mzee_wa_Gécamines
Ngojeni niwape na historia kidogo, nimesoma sana tangu marehemu mke wangu apatwe. Mwaka 1997 Wamarekani walionyesha melfalani (dawa ya saratani) na prednisoni inampa mgonjwa wastani wa miezi 18 ya kuishi, wakati kolchisini peke yake ilikuwa 8 na nusu. Halafu prednisoni ikabadilishwa na deksa. Wafaransa, 2007, wagonjwa 100: nusu walipewa melfalani ya vidonge na deksa 40 siku nne za mwanzo wa mwezi, hadi miezi 18, nusu nyingine walipandikizwa seli zao wenyewe za kutengeneza damu. Watu waliamini upandikizaji utashinda. Ikawa kinyume: karibu miezi 57 kwa vidonge, 22 kwa upandikizaji.

Kwa hiyo miezi sita si amri ya Mungu. Kuna waliokunywa mwaka na nusu na wakaishi.

#18 Docta_Kijana
Kweli, muzee. Lakini siku nne kwa mwezi ni deksa 160, na kila wiki pia ni 160 kwa kozi ya siku 28. Ni hesabu ile ile imetawanywa. Na wakati ule hakukuwa na bortezomibu ya kusaidia kubeba mzigo. Pia kwenye utafiti huo wa Ufaransa baadhi ya waliopangiwa kupandikizwa walikufa mapema. Siku hizi wanachagua kwa ukali zaidi nani apandikizwe.

#19 Mzee_wa_Gécamines
Sijakataa. Nasema tu msimwambie huyu kijana kuna tarehe moja duniani.

#20 Pharma_Kenya
Niko na duka la dawa soko la Kenya (ya hapa kwetu, msikimbilie Nairobi). Ongezeni hili: mnasema deksa 40 kana kwamba kuna kidonge cha 40. Mimi nauza cha nusu miligramu. Arobaini ni vidonge themanini! Nimeshaona binti anavihesabu kwenye sahani ya chai viwili viwili kwa kijiko, simu ikalia, akapoteza hesabu, akaanza upya. Nikamuuliza wiki iliyopita alihesabuje, akasema "karibu". Sasa daktari wa mbali anasema mgonjwa amekula 40 na ugonjwa haukushuka, kumbe alikula 25. Au 55 na akawa kichaa. Tafuteni vya miligramu 4 kutoka India: kumi tu, unamaliza.

#21 Tantine_Bel_Air
Na wewe Pharma, hivyo vya nusu miligramu si ndivyo mnawauzia wasichana wanenepe mashavu na makalio? Bila karatasi ya daktari. Halafu leo mwalimu wa dozi.

#22 Pharma_Kenya
Tantine, mimi nimekataa wengi. Wakitoka kwangu wanavuka barabara.

#23 Tantine_Bel_Air
Haya. Mpwa wangu alivila kwa siri karibu mwaka mzima kabla ya harusi. Uso kama mwezi, mistari tumboni, sukari juu. Ndiyo maana nikisikia mtu anaambiwa "endelea" bila tarehe nashtuka.

#24 Mtumishi_72
Ndugu wa Katuba, dawa zote ni sumu. Kuna mzee Kipushi anatoa mizizi inayosafisha damu, na maombi ya siku saba. Andika faraghani.

#25 Msimamizi
Namba 24, onyo la mwisho. Maombi ruksa, biashara ya mizizi hapana. Siklofosfamidi na mizizi isiyojulikana kwenye figo mbovu, hapana kabisa.

#26 Maabara_ya_Plateau
Mimi ni mtu wa maabara. Mnahesabu kozi kama mtoto anayehesabu siku za likizo, lakini kinachotakiwa kuamua ni damu. Minyororo ipo ya aina mbili, kapa na lambda, na kwenye AL mara nyingi mkosaji ni lambda. Unachukua iliyozidi unatoa nyingine. Tofauti ikishuka chini ya miligramu 40 kwa lita, jibu ni zuri sana. Ikiwa na uwiano umerudi kawaida, na damu na mkojo havionyeshi ile protini, hapo ni jibu kamili. Mtu aliyefika huko kozi ya tatu kwa nini aendelee kumezeshwa deksa hadi ya sita kwa sababu karatasi imesema? Na ambaye kozi ya tatu tofauti haijashuka hata nusu, kwa nini angoje ya sita ndipo abadilishiwe dawa?

Onyo: figo zikichoka, kapa na lambda zote zinapanda. Msisome namba moja peke yake mkalia.

#27 Muuguzi_Kamalondo
Mtu wa maabara, nakuheshimu, lakini minyororo ikishuka kozi ya tatu haina maana seli zinazoitengeneza zimekwisha. Wanaimalizia sita ili kukandamiza zilizobaki.

#28 Maabara_ya_Plateau
Kwa bortezomibu, ndiyo. Kwa deksa je? Inawezekana bortezomibu ikamaliza kozi na deksa ikashuka 40, 20, 10. Wengi wanafanya hivyo mgonjwa akielemewa.

#29 Muuguzi_Kamalondo
Akielemewa, sawa. Asiyeelemewa je?

#30 Maabara_ya_Plateau
Nionyeshe asiyeelemewa.

#31 Kasumbalesa_Express
Mimi! Shemeji wenu. Nilitibiwa Afrika Kusini, nina figo tu, moyo mzima. Siku ya deksa nilikuwa napaka rangi ukuta, naosha gari, namsimulia kila dereva habari za ujana wangu. Siku iliyofuata kwikwi mpaka jioni. Ya tatu nalala kama gogo. Nilimaliza kozi zote na sikupunguziwa hata robo. Leo nasafirisha mizigo kama kawaida. Kilichonisaidia ni saa: nilikuwa nakunywa jioni, nikaambiwa ni asubuhi baada ya kula, pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo. Usingizi ukarudi nusu. Yule mama anakunywa saa ngapi?

#32 Mtoto_wa_Katuba
Jioni, nikitoka kazini. Nilitaka niwe naona mwenyewe anavimeza.

#33 Kasumbalesa_Express
Ndugu yangu! Mpe alfajiri kabla hujatoka. Masufuria yataoshwa saa nane za mchana.

#34 Docta_Kijana
Namba 33 amefanya kazi kubwa kuliko sisi wote. Na mkipima sukari, msipime asubuhi tu mkafurahi. Deksa ya asubuhi inapandisha sukari mchana na jioni. Sukari ya alfajiri inaweza kuwa safi kabisa. Pima saa kumi alasiri, au masaa mawili baada ya kula.

#35 Mama_Kisanga
Na minyoo? Mjomba kabla ya kuanza walimpa ivermektini. Walisema kuna mnyoo unaishi mwilini kimya miaka, ukipewa steroidi unazaana mpaka mapafuni.

#36 Docta_Kijana
Strongiloidi, ndiyo. Anaingia kwa ngozi ya mguu peku, na kwetu yupo. Steroidi ikimfungulia mlango anaua. Lakini angalizo: aliyeishi misituni kwenye mnyoo mwingine, Loa loa, mfano Uele, apimwe kwanza damu ya mchana. Ivermektini kwa mwenye vimelea vingi vya Loa inaweza kudhuru ubongo. Kwa aliyekaa Katanga maisha yake yote hofu hiyo ni ndogo.

Vilevile hepatitisi B ipimwe, kifua kikuu kiulizwe, na wakati wa bortezomibu wengi wanapewa asiklovia kuzuia mkanda wa jeshi. Deksa ikizidi miezi ndipo haya yote yanazidi uzito.

#37 Lupopo_Damu
Swali la nje kidogo. Kwenye biopsia (kipimo cha kinyama) ya jirani yangu waliandika "rangi nyekundu ya Kongo". Na hiyo inachimbwa hapa halafu hatulipwi?

#38 Mzee_wa_Gécamines
Haikuchimbwa popote kijana. Ni rangi ya Wajerumani ya kupaka pamba, ya miaka ya 1880. Kongo ilikuwa kwenye kila gazeti kwa sababu ya mkutano wa Berlin, wakaibandika jina hilo iuze. Baadaye ikaonekana inang'ang'ania amiloidi, na kwenye mwanga maalumu inatoa kijani kama tofaa. Bila hiyo huna uhakika ni amiloidi.

#39 Lupopo_Damu
Kwa hiyo hata jina letu walichukua bure. Asante muzee.

#40 Figo_Moja
Narudi kwenye hoja yangu. Docta, unasema kila wiki tezi hazilali. Mama amekwenda miezi na miezi na siklofosfamidi juu. Mimi bado naona ashuke ngazi: 40, 20, 10, sifuri. Hasara yake ni nini?

#41 Docta_Kijana
Hasara ni wiki chache zaidi za steroidi kwa mtu anayejaa maji. Faida ni usalama wa tezi. Kwa figo tu ningeweza kukubaliana nawe. Kwa moyo kama wa baba yake Ya Ruashi, ningekata haraka.

#42 Ya_Ruashi
Na hii mama iko na vyote mbili. Munaona?

#43 Tantine_Bel_Air
Swali langu halijajibiwa. Miguu ya mama imejaa kwa deksa, kwa makayabu, au kwa figo zinazomwaga protini? Mkikata deksa na miguu ikabaki mtasemaje?

#44 Muuguzi_Kamalondo
Tantine, inaweza kuwa zote tatu. Na msitegemee deksa ikiachwa figo zitapona wiki hiyo hiyo. Dawa hizi zinafunga bomba, haziyeyushi kilichokwisha kuganda. Mwili unakiondoa wenyewe, taratibu. Mkojo wa povu unaweza kuchukua miezi sita, mwaka, hata zaidi kupungua baada ya damu kusafika. Ndiyo maana wengine wanakata tamaa na kuomba deksa zaidi, wakati kazi yake imekwisha.

#45 Mtoto_wa_Katuba
Asanteni wote. Nimewaandikia India maswali matatu: deksa inaisha tarehe gani, kama inaweza kushuka 20 kuanzia wiki ijayo kwa sababu ya miguu na usingizi, na kama wanataka kotisoli kabla ya kuacha. Nimeambatisha uzito na kipimo cha minyororo. Leo amekunywa asubuhi. Kaka wa Kolwezi amekasirika nimebadilisha saa bila kumwuliza.

#46 Kasumbalesa_Express
Kaka wa Kolwezi aje alale jikoni.

#47 Binti_wa_Kilwa
Samahani kuingilia. Baba mdogo ana povu kwenye mkojo, ulimi umekuwa mnene mpaka anang'ata akiongea, na kuna alama nyeusi za damu kuzunguka macho. Amepewa prednisoni kila siku tangu Pasaka, wakisema ni figo. Hajafanyiwa biopsia. Naye aendelee mpaka lini?

#48 Muuguzi_Kamalondo
Binti, huo ulimi na hayo macho vinatosha kumrudisha kwa daktari wiki hii. Wapime minyororo myepesi, protini ya damu na ya mkojo, moyo kwa ekografia, kisha wachukue kinyama cha mafuta ya tumbo au cha figo. Prednisoni asiache mwenyewe, hiyo ni ya kila siku. Fungua uzi wako, utuwekee na umri wake.